Kompyuta isiyo na kioo: ya mashine ya kufulia na ya pampu yako

Swali: Fundi alifungua mashine yangu ya kufulia akaniambia kompyuta yake imekufa. Sikumwelewa, maana mashine haina kioo wala kibodi. Je, ni kweli mle ndani kuna kompyuta, au ananitafutia sababu ya kunipandishia bei? Halafu nimenunua bodi ndogo ya Raspberry Pi, nataka iwe inawasha na kuzima pampu inayojaza tangi la maji. Mwenzangu ananicheka, anasema kwa kazi hiyo nichukue bodi ya Arduino, ambayo nimesoma kwamba ina kumbukumbu ya kilobaiti mbili tu. Kilobaiti mbili zitafanya nini?

Jibu: Kuhusu kuwapo kwa kompyuta, fundi wako amesema kweli. Kama kweli imekufa, hilo ni jambo jingine na nitalirudia mwishoni, kwa sababu sentensi hiyo nimeisikia mara nyingi ikitoka kwa mtu ambaye hajashika hata mita ya kupimia umeme.

Tuanzie mle ndani. Nyuma ya paneli ya vitufe utakuta bodi, mara nyingi imemwagiwa utomvu mzito unaong'aa ili mvuke na povu visiifikie. Vile visanduku vidogo vya plastiki, vyeusi au vya buluu, ni relei, yaani swichi zinazowashwa na kuzimwa kwa umeme. Ule mlio wa "tak" unaousikia mashine inapoanza kuvuta maji ndio wenyewe. Pembeni kuna kipande chenye miguu mitatu kilichofungwa kwenye bati la kupoza, ambacho katika mashine nyingi ndicho kinachoipimia mota umeme. Na katikati ya vyote hivyo kuna chipu bapa, nyeusi, yenye miguu myembamba pande zote nne, isiyozidi ukucha wa dole gumba. Hiyo ndiyo kompyuta. Ndani ya ukucha huo mna prosesa, kumbukumbu ya kutunzia programu, kumbukumbu ya kufanyia kazi, saa, na milango ya kupokelea na kutolea umeme. Kompyuta ya mezani ina viungo hivyo hivyo, ila vimetawanywa kwenye chipu kadhaa. Vikikusanywa katika chipu moja, chipu hiyo tunaiita maikrokontrola.

Kibodi yake umeiona bila kuitambua. Vitufe ni sehemu tu. Kuna mrija mwembamba unaotoka chini ya pipa na kupanda hadi juu: maji yakijaa yanabana hewa iliyomo kwenye mrija, kitambuzi kilichoko juu kinahisi mgandamizo huo, na chipu inajua maji yamefika wapi bila kuyagusa. Kuna kitambuzi cha joto kinachobadilisha ukinzani wake maji yanapopata moto. Kuna kidude kwenye mota kinachotoa mapigo kila inapozunguka. Hayo yote ni "kuandika" kwa kompyuta ile. Na kioo chake ni pipa lenyewe linalozunguka.

Sijui kama umewahi kusimama mbele ya mashine inapotaka kukamua. Inaanza kukimbia, inasita, inageuza nguo taratibu kushoto na kulia, inajaribu tena. Watu hudhani imechoka. Kumbe chipu inahesabu mapigo ya mota na kuona kwamba hayaji kwa vipindi sawa: pipa linapunguza mwendo linapopandisha shuka zito, linaongeza linaposhuka nalo. Tofauti hiyo ikizidi kiwango fulani, programu inakataa kwenda kasi, inazipanga nguo upya. Ingeruhusu tu, mashine nzima ingetembea sakafuni.

Kabla ya chipu hizi, mashine ya kufulia iliongozwa na gurudumu lenye meno. Mota ndogo ililizungusha polepole, na kila jino lilipofika mahali pake lilisukuma swichi: sasa maji, sasa zungusha, sasa mwaga. Ilikuwa kazi nzuri ya kiufundi, na baadhi ya magurudumu hayo bado yanafanya kazi hadi leo. Lakini gurudumu halijui kwamba nguo zimekusanyika upande mmoja. Na mtengenezaji akitaka kuongeza mzunguko mpya wa kufua, inabidi achonge gurudumu jingine.

Hapo ndipo penye kiini cha historia yote ya vitu hivi. Mwaka 1969 kampuni ya Busicom ya Japani iliwaendea Intel ikitaka itengenezewe chipu nyingi tofauti kwa ajili ya kikokotoo cha mezani, kila chipu na kazi yake. Ted Hoff wa Intel akaona njia nyepesi zaidi: tengeneza prosesa moja inayofuata maagizo, kisha kila kifaa kipewe maagizo yake kwenye kumbukumbu. Federico Faggin na Stan Mazor wa Intel, pamoja na Masatoshi Shima wa Busicom, wakaifanya iwe kitu cha kushikika, na mwaka 1971 ikatoka 4004, yenye transista 2,300 (swichi ndogo mno za umeme), ikiwa mojawapo ya chipu nne zilizokwenda pamoja. Ona basi: prosesa ya kwanza ya kibiashara ya chipu moja haikuundwa kwa ajili ya kile tunachokiita kompyuta leo. Iliundwa ili ikae ndani ya kitu kingine. Muda si mrefu Texas Instruments nao wakaweka prosesa pamoja na kumbukumbu zake katika chipu moja, TMS1000, ikaanza kuuzwa mwaka 1974, na kuanzia hapo vikokotoo, michezo ya watoto na maikroweve vikawa na kitu cha kufikiria.

Sasa kilobaiti mbili zako. Arduino Uno ya kawaida hubeba chipu ya ATmega328P. Ina kilobaiti 32 za kutunzia programu, ambazo hazifutiki umeme ukikatika, na kilobaiti 2 za kufanyia kazi. Kilobaiti 2 ni herufi 2,048. Aya tano za kwanza za jibu hili hazingeenea humo. Ukilitazama hivyo, ni aibu. Lakini jiulize pampu yako inahitaji kukumbuka nini. Boya la chini limelowa au limekauka: biti moja, yaani ndiyo au hapana. Boya la juu: biti moja. Pampu inawaka au imezimwa: biti moja. Iliwashwa lini: baiti nne. Hata ukiongeza maktaba za kawaida na ujumbe wa kukuonyesha hali ya tangi, utabaki na nafasi tele. Kompyuta iliyowashusha watu mwezini mwaka 1969 ilikuwa na maneno 2,048 ya kumbukumbu ya kufanyia kazi, kila neno biti 15 za data, jumla yake kilobaiti zisizofika 4. Programu zake zilifumwa kwa mkono kwa nyaya, uzi ukipita ndani ya kikete cha sumaku ni moja, ukipita nje ni sifuri.

Kinachohitajiwa kwenye kazi yako ni usahihi wa kutazama, na huo una mitego yake. Mfano ambao kila anayeanza hukutana nao: unaweka kitufe, unakibonyeza mara moja, chipu inasema umebonyeza mara saba. Unalaani kitufe. Kitufe hakina kosa. Vipande viwili vya chuma vinapokutana huruka-ruka kwa muda wa milisekunde chache kabla ya kutulia, kama kijiko kilichodondoka sakafuni. Wewe huoni. Chipu inayopiga mapigo milioni 16 kwa sekunde ina mapigo 16,000 katika kila milisekunde. Kwake, mruko mmoja ni tukio kamili lenye mwanzo na mwisho. Dawa ni kuiambia isubiri: ukiona badiliko, ngoja kidogo, tazama tena, likiwa bado lipo ndipo uamini. Kwenye tangi mtego huu ni mkubwa zaidi kwa sababu maji yanayoingia hufanya mawimbi na boya hucheza juu na chini. Ipe chipu yako sekunde tano za kuona hali ileile mfululizo kabla ya kuamua lolote. Usipofanya hivyo pampu itawashwa na kuzimwa mara kumi kwa dakika, na mota za pampu huungua kwa mtindo huo hasa.

Nikuambie jambo ambalo muuza bodi hatakuambia. Kama kazi ni kujaza tangi tu, boya la umeme lenye swichi ndani yake linatosha, bila kompyuta yoyote. Linaelea, linakata, linashuka, linawasha. Kompyuta inapata haki ya kuwapo pale unapotaka kitu ambacho boya halina, nacho ni kushuku. Pampu imewaka dakika arobaini na boya la juu bado limekauka, ilhali siku zote tangi hujaa kwa ishirini: ama bomba limepasuka, ama kisima kimekauka na pampu inazunguka bila maji, jambo linaloiua haraka. Boya litaendelea kuiwasha hadi iungue. Chipu itazima, itawasha taa nyekundu, itakungoja. Mistari mitatu ya programu. Kwa mtazamo wangu hiyo mistari mitatu ndiyo sababu pekee ya maana ya kufanya mradi wako.

Tuje kwenye Raspberry Pi uliyokwisha kuinunua. Ilianza kuuzwa Februari 29, 2012, ikilenga vijana wajifunze kuandika programu, na ni kompyuta kamili kwa kila hali: inaendesha mfumo wa uendeshaji wa Linux, unaweza kuiunganisha na kioo na kibodi ukaandikia barua. Ukubwa wake, milimita 85 kwa 56, ndio unaowafanya watu waiweke kapu moja na Arduino. Undani wake ni tofauti kabisa. Unapoipa umeme, inasoma mfumo mzima kutoka kwenye memori kadi, inaamsha makumi ya programu, na baada ya sekunde kadhaa, pengine nusu dakika, ndipo zamu ya programu yako ifike. Arduino haina mfumo wa kuamsha. Ikipata umeme inaingia karibu papo hapo kwenye programu yako.

Umeme ukikatika, tofauti inakuwa ya kuuma zaidi. Arduino haina cha kupoteza. Umeme ukirudi inasoma maboya na kuendelea. Pi ikikatiwa umeme wakati inaandika kwenye kadi, faili zinaweza kuharibika, na siku moja haitawaka tena. Haitatokea leo wala kesho. Itatokea siku umesafiri. (Kadi hiyo yenyewe, kwa taarifa yako, ina maikrokontrola ndani inayopanga data iandikwe wapi. Laini ya simu nayo ni kompyuta, na kadi ya benki yenye chipu pia: hazina betri, zinapata uhai pale tu zinapochomekwa, na kadi za kugusisha hunyonya umeme hewani kutoka kwenye mashine ya malipo, zinafanya hesabu zao za siri, zinakufa tena. Ukitoka nyumbani na simu na pochi, umebeba kompyuta nyingi kuliko unavyodhani.)

Kisha kuna saa. Pi za matoleo ya kabla ya Pi 5 hazina saa inayoendelea kutembea umeme ukizimwa. Zikikosa mtandao hazijui leo ni tarehe ngapi. Na kuna suala la muda wenyewe. Linux inagawa prosesa kwa programu nyingi, hivyo ukiiambia "fanya hili baada ya milisekunde mbili" inaweza kufanya baada ya mbili, au tisa. Kwa pampu, haidhuru. Kwa mfuko wa hewa wa gari, ambao uamuzi wa kuufungua unatakiwa upite ndani ya milisekunde chache tangu gari ligonge, hiyo ingekuwa hukumu ya kifo. Ndiyo maana gari la kisasa lina makumi ya chipu ndogo, moja ya breki, moja ya injini, moja ya mifuko ya hewa, zikizungumza kupitia nyaya mbili kwa utaratibu wa CAN ambao Bosch waliutangaza mwaka 1986, badala ya kompyuta moja kubwa ya kuendesha kila kitu.

Matumizi ya umeme nayo yapo mbali mno. Pi hula wati kadhaa hata ikikaa tu. Maikrokontrola iliyoandikiwa vizuri hulala karibu maisha yake yote. Chukua rimoti ya televisheni. Chipu yake imelala usingizi wa kufa. Unapobonyeza kitufe inaamka, inaimulika televisheni kwa mwanga usioonekana unaowaka na kuzima takribani mara 38,000 kwa sekunde, inatuma namba ya kitufe, inalala. (Ielekeze kwenye kamera ya simu ukibonyeza, kamera nyingi, hasa ya mbele, zitauona mwanga huo kama nuru ya zambarau.) Piga hesabu mwenyewe: betri bapa ya CR2032 hubeba takribani miliampea-saa 220. Kifaa kinachotumia wastani wa maikroampea 10 kitaishi nayo saa 22,000, yaani miaka miwili na nusu. Pi ingeimaliza betri hiyo ndani ya dakika chache, kama ingewaka kabisa. Saa ya mkononi huenda mbali zaidi: ndani mna kikristali kinachotetema mara 32,768 kwa sekunde, namba iliyochaguliwa kwa sababu ukiigawa kwa mbili mara kumi na tano unapata moja kamili, na hiyo moja ndiyo sekunde.

Kwa hiyo mwenzako yuko sawa, ingawa kicheko hakikuhitajika. Pi usiitupe. Itakufaa siku ukitaka kamera, picha, seva ndogo ya nyumbani, au kuchora grafu ya maji ya mwezi mzima. Hata hivyo wengi wetu huziweka pamoja: chipu ndogo inashika pampu, Pi inasikiliza na kuandika kumbukumbu. Pi ikiganda, maji hayakatiki.

Kuganda. Hili nitalikalia kidogo, kwa sababu ndilo linalotenganisha mtu anayechezea bodi na mtu anayetengeneza kifaa. Simu ikiganda, wewe upo, unaizima na kuiwasha. Kifaa kilichofungwa darini hakina mtu. Kwa hiyo karibu kila maikrokontrola ina saa ya pekee ambayo wahandisi huiita mbwa mlinzi. Saa hiyo inahesabu kwenda chini, na programu yako inatakiwa kuirudisha juu kila mara, kama kumtupia mbwa chakula. Programu ikikwama mahali, haitupi. Mbwa anabweka, yaani chipu inazimwa na kuwashwa upya kwa nguvu. Arduino inaye mbwa huyo: mwashe, mpe sekunde nne, usisahau. Chombo cha Pathfinder kilichotua Mirihi Julai 4, 1997 kiliokolewa na wazo hilihili. Siku chache baada ya kutua kilianza kujiwasha upya mara kwa mara: kazi ya daraja la chini ilikuwa imeshikilia kitu ambacho kazi ya daraja la juu ilikihitaji, ya juu ikakwama, na ukaguzi wa ndani ulipoona haijamaliza kwa wakati ukaanzisha mfumo upya. Wahandisi waliizalisha hitilafu hiyo kwenye chombo pacha kilichobaki duniani, wakapata dawa, wakaituma hadi Mirihi. Bila ukaguzi ule kingesimama kimya na wasingejua kwa nini.

Na kuna ugonjwa mwingine ambao mbwa mlinzi hauoni, nao ulinipata mimi. Kifaa changu cha kwanza kilikuwa cha kumwagilia vitalu: kila saa sita, pampu dakika kumi. Kilifanya kazi wiki saba bila kosa, nikajisifu kwa watu. Kabla wiki ya nane haijafika mbali, nikaamka nikakuta vitalu vimekuwa bwawa na pampu inaunguruma tangu usiku. Nikazima, nikawasha, kikawa kizima kabisa. Hitilafu inayopona yenyewe ni mbaya kuliko zote. Sababu niliikuta baadaye kwenye hesabu: Arduino huhesabu milisekunde tangu iwashwe kwa namba ya biti 32. Namba hiyo hufika mwisho baada ya siku 49.7, kisha hurudi sifuri. Mimi nilikuwa nimeandika "wakati ukishapita saa ya zamu ijayo, washa". Ilipokaribia mwisho, saa ya zamu ijayo ilivuka ukingo ikawa namba ndogo, hivyo kila nilipouliza "imepita?", jibu lilikuwa ndiyo, na pampu ikapewa dakika kumi mpya kila mara bila kikomo.

Dawa ni kuuliza kwa kutoa: muda wa sasa toa muda wa kuanza, je, umefika saa sita? Inafanya kazi hata ukivuka ukingo, kwa sababu ileile inayokuwezesha kujua kwamba kutoka saa kumi na moja hadi saa mbili ni saa tatu, ingawa mbili ni ndogo kuliko kumi na moja. Andika hivyo tangu siku ya kwanza.

Usidhani ni kosa la wanagenzi. Mwaka 2015 mamlaka ya anga ya Marekani iliagiza ndege za Boeing 787 ziwe zinazimwa umeme wote mara kwa mara, kwa sababu kaunta katika vidhibiti vya jenereta ingejaa baada ya siku 248 za kuwaka mfululizo na jenereta zingeweza kuzimika zote kwa pamoja. Sehemu za mia za sekunde, biti 31: piga hesabu, utaipata 248. Mita za umeme wa kulipia kabla zinazofuata mfumo wa STS nazo zilikuwa na ukingo wake. Kila tokeni ya tarakimu 20 hubeba ndani yake wakati ilipotolewa, uliohesabiwa kwa dakika tangu Januari 1, 1993 katika biti 24. Mita haina mtandao. Inaifungua tokeni kwa ufunguo wake wa siri na kukumbuka zilizokwisha kutumika ili usiingize moja mara mbili. Dakika hizo ziliisha Novemba 24, 2024. Ndiyo maana kabla ya siku hiyo watu katika nchi nyingi walipewa namba ndefu za ziada za kuingiza kwenye mita zao, wakanung'unika bila kujua kwamba walikuwa wanarekebisha saa ya kompyuta kwa vidole. Zamu inayofuata ni Januari 19, 2038, kwa vifaa vinavyohesabu sekunde tangu mwaka 1970 kwa biti 31. Kompyuta nyingi kubwa zimeshahamishwa. Ninaowahofia ni hawa wadogo waliofungwa ndani ya kuta na mashine, ambao hakuna anayekumbuka kwamba wapo.

Utashawishika kuiunganisha pampu na intaneti ili uiwashe ukiwa mbali. ESP32, maikrokontrola nyingine, ina Wi-Fi ndani yake na inafanya hivyo kwa urahisi. Ukifanya hivyo, badilisha nywila ya kiwandani na usiifungulie njia ya moja kwa moja kutoka nje. Mwaka 2016 programu hasidi iliyoitwa Mirai iliteka kamera na vifaa vingine vingi vya majumbani kwa kujaribu tu orodha fupi ya nywila za kiwandani, na Oktoba 21 mwaka huo vifaa hivyo vikaishambulia kampuni ya Dyn, iliyokuwa ikielekeza kompyuta kwenye anwani za tovuti, hadi tovuti kubwa zikawa hazifikiki kwa saa kadhaa. Wenye kamera hawakuhisi chochote. Picha ziliendelea kuonekana. Na uamuzi wa kuzima pampu uache palepale kwenye chipu, usiutegemeze kwa mtandao.

Kwenye nyaya nina mawili. Mguu wa chipu hutoa miliampea chache, hauwezi kuendesha pampu wala hata relei ya kawaida bila transista katikati. Nunua moduli ya relei iliyokamilika, na kama pampu ni kubwa, relei iwashe kontakta (swichi kama relei, ila ya umeme mkubwa), kontakta iwashe pampu. La pili: katika zile sehemu za sekunde ambapo chipu inaamka, miguu yake haijaambiwa iwe nini na huelea hewani. Weka rezista ya kiloomu 10 inayoivuta ingizo la transista au moduli kwenye upande wa kuzima, ili pampu isiwake kabla programu haijaanza. Moduli nyingi huwaka zikipewa sifuri, zisome kwanza. Upande wa umeme mkubwa mwachie fundi umeme.

Turudi kwa mashine ya kufulia. Chipu yenyewe hufa mara chache sana. Kinachokufa kwenye bodi hizo ni vitu vya jirani: kapasita za ugavi wa umeme zinazokauka na kuvimba kichwani, midomo ya relei iliyoungua, lehemu iliyopasuka chini ya relei au tundu la waya kwa sababu ya mtikisiko, au kile kipande cha miguu mitatu kikashikana. Vyote hubadilishwa kwa lehemu. Mwambie fundi apime kwanza kama chipu inapata volti 5 au 3.3 zake. Kama haipati, basi haijafa, ina njaa tu. Na kama atasisitiza bodi nzima ibadilishwe, hakikisha mpya imeandikiwa programu ya modeli yako hasa, kwa sababu bodi mbili zinazofanana kama mapacha zinaweza kuwa na maagizo tofauti ndani, na ile isiyo yako itafunga mlango, itavuta maji, kisha itasimama kungoja kitambuzi ambacho mashine yako haina.